Vijana wa vyuo, umeme na maji yetu

Waliokuwapo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 hawahitaji kukumbushwa. Waya wa baharini uliokuwa ukileta umeme kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba tangu mwaka 1980 ulipatwa na hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa miezi mitatu. Giza lilivumilika; kiu haikuvumilika. Pampu za visima zilisimama, na foleni za ndoo zikajaa mitaani. Tangu siku hizo kila mkaazi anajua kwamba hapa kwetu umeme na maji ni ndugu wa toka nitoke.

Lakini undugu huo una upande wa pili, ambao hauzungumzwi mara nyingi. Umeme unaoendesha pampu hupita kwanza katika transfoma, na ndani ya transfoma mna mafuta. Maji yetu ya kunywa hayatoki katika mito mikubwa, kwani hatuna. Yanatoka ardhini, katika chemchemi kama zile za Mtoni na Bububu, na katika visima vya mjini na mashamba. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye matundu mengi, na kinachomwagika juu yake hakichelewi kufika chini.

Mafuta ya kawaida ya transfoma ni madhara ya kutosha. Yaliyo mabaya zaidi ni yale yenye kemikali za PCB, zilizotumiwa duniani kwa miaka mingi katika vyombo vya umeme kwa sababu haziwaki moto kwa urahisi. Kemikali hizi hazioi. Hujikusanya katika mafuta ya samaki na ya binadamu, na huweza kuleta saratani. Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vyombo vyenye kemikali hizo, na mwaka 2028 kuwa mwisho wa kuziondoa kwa njia ya salama. Kwa kazi ya namna hii, miaka hiyo haikuwa mingi.

Hapa ndipo tunapowakumbuka vijana wetu wa vyuo. Kila mwaka, wakati wa likizo ndefu, wanafunzi hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Ni jambo linalojulikana kwamba wengi wao huishia kupanga mafaili na kutumwa chai, kisha wakarudi chuoni na barua yenye muhuri. Kijana amepoteza miezi miwili, na ofisi haikupata kitu.

Tunapendekeza kwamba Shirika la Umeme, pamoja na vyuo na mamlaka ya mazingira, liwachukue wanafunzi kila likizo na kuwapa kazi moja iliyo wazi: kuizungukia kila transfoma, Unguja na Pemba, shehia kwa shehia. Waandike kibao chake kinasema ilitengenezwa mwaka gani. Watazame kama inavuja, na kama udongo ulio chini yake umelowa mafuta. Wapime umbali wake na kisima kilicho karibu. Mafundi wachukue sampuli ya mafuta ipelekwe maabara, wala tusitegemee mwaka wa kibao peke yake, kwa maana mafuta safi yakipitishwa katika mashine iliyochafuka nayo huchafuka. Kazi hii haitaki mitambo ya ajabu. Inataka miguu, macho, daftari na uaminifu, na majira ya kipupwe, baada ya mvua za masika, ndiyo yanayoifaa.

Hatusemi kwamba mwanafunzi apande nguzo au afungue chombo chenye umeme. Hilo ni la fundi aliyefuzu, na kila kundi la vijana liongozwe na fundi wa namna hiyo. Wala hatuoni kwamba vijana hawa watashika nafasi ya wafanyakazi. Watawaongezea macho.

Kuna mambo mawili ambayo yakikosekana, mpango utakufa ukiwa mchanga. La kwanza ni nauli na chakula. Mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni hawezi kusafiri kila siku kwa miezi miwili kwa gharama ya mzazi wake. Tukimwambia ajitolee, watakaojitolea ni watoto wa wenye nacho, na wale wanaovijua visima vya vijijini kwa majina yake watabaki nyumbani.

La pili ni taarifa. Kijana akiandika kwamba transfoma fulani inavuja karibu na kisima, maandishi hayo yasifungiwe kabatini. Nakala moja ibaki katika Shirika, ya pili iende mamlaka ya mazingira, na ya tatu apewe sheha wa mahali hapo, ili wananchi wajue na wangojee matengenezo kwa tarehe iliyotajwa. Waheshimiwa wenye dhamana wasiione taarifa ya namna hii kuwa ni lawama. Mwenye kukuonyesha nyufa za nyumba yako si adui yako.

Faida ya kijana nayo si ndogo. Atakayejifunza leo kusoma kibao cha transfoma na kupima maji ya kisima ndiye mhandisi tutakayemhitaji kesho, na atakuwa ameijua nchi yake kwa miguu yake mwenyewe.

Wazee wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maji yaliyokwisha kuingia mafuta ni vivyo hivyo. Likizo ijayo haiko mbali, na barua kutoka Shirika kwenda vyuoni ni ya ukurasa mmoja tu. Tunaomba iandikwe.