Kujitayarisha kwa Mashindano Marefu ya Baisikeli Milimani

Muhula huu wanafunzi saba wa Kidato cha Tatu wameniletea ombi. Wataka katika likizo ya Juni waendeshe baisikeli kilometa 160 kwa siku moja, tena kwa njia za milimani, wakifuata mfano wa mashindano ya ng'ambo waliyoyasoma. Mwalimu Mkuu ameniachia mimi, kwa kuwa ndimi niangaliaye mchezo wa baisikeli hapa shuleni, niseme kama jambo hili lafaa au halifai. Badala ya kuwajibu wao peke yao, nimeona afadhali niandike katika gazeti letu, ili kila asomaye ajue safari ya namna hii yataka nini. Jibu langu liko mwishoni, lakini atakayesoma kwa makini na kupiga hesabu zilizomo atalijua kabla ya kufika huko.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Baisikeli ya milimani si kitu cha zamani sana. Katika miaka ya 1970 vijana wa California, Marekani, waliokaa karibu na mlima uitwao Mount Tamalpais, walichukua baisikeli nzito za kale zenye mipira minene, wakawa wanashuka nazo mbio katika njia za vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano yao waliyoyaita Repack. Jina hilo lina sababu yake. Breki za baisikeli zile zilikuwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, nazo zilipata moto mpaka grisi ikaungua ikawa moshi. Basi baada ya kushuka ilibidi kufungua habu na kuijaza grisi mpya. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1996 mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki kule Atlanta.

Mashindano waliyoyasoma wanafunzi wetu ni yale ya Leadville, mji wa migodi katika milima ya Colorado. Mgodi mkubwa wa Climax ulipofungwa katika miaka ya 1980 watu wengi wa mji ule walikosa kazi. Ken Chlouber, aliyekuwa mchimba migodi, alianzisha mbio za miguu za maili 100 mwaka 1983 ili wageni waje walale na kula mjini, na mwaka 1994 yakafuata mashindano ya baisikeli ya urefu kama huo. Mji uko mita 3,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mahali pa kugeuzia panazidi mita 3,700. Arudiye kabla ya kupita muda wa saa 12 hupewa bizimu ya mkanda, na hiyo ndiyo heshima yake.

Mengine yajulikanayo sana ni Cape Epic ya Afrika ya Kusini, yaliyoanza mwaka 2004. Hayo huchukua siku nane mfululizo, na waendeshaji huenda wawili wawili. Kwa kawaida jumla ya mwendo ni kati ya kilometa 600 na 700, na jumla ya kupanda ni kama mita 15,000.

Ili tuzielewe namba hizi, tuchukue mlima tuujuao. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilometa 33 hivi, nayo hupanda kama mita 1,000. Jumla ya kupanda katika Leadville huzidi mita 3,000. Basi ni kama mtu apande kutoka Mombo mpaka Lushoto mara tatu kwa siku moja, tena si juu ya lami bali juu ya mawe, na mahali ambapo hewa ni nyepesi sana. Katika mita 3,100 kani ya hewa ni kama asilimia 70 tu ya ile ya pwani, na kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo.

Sasa tuutazame mwili. Watu hudhani kwamba mazoezi humpa mtu nguvu palepale anapoyafanya. Sivyo. Mazoezi humchosha mtu. Nguvu huja baadaye, katika kupumzika na kulala, mwili unapojitengeneza upya. Moyo hupata uwezo wa kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, vijishipa vidogo vya damu huongezeka katika misuli, na misuli huzoea kuchoma mafuta badala ya kutegemea sukari peke yake. Mambo haya hayafanyiki kwa wiki moja, wala hayaharakishwi kwa kujitesa. Akimbiliaye mwendo mkubwa kabla ya mishipa na magoti kuzoea, hupata maumivu yatakayomweka kitandani.

Kanuni niifuatayo mimi ni hii: usiongeze mazoezi yako zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki, na kila wiki ya nne upunguze ili mwili upate nafasi. Tuseme mtu aanza na saa 4 kwa wiki, amezigawa katika siku tatu. Wiki ya pili atafanya saa 4 na dakika 24. Akiendelea hivyo, na kupumzika kila wiki ya nne, wiki ya saba atakuwa amefika saa 6 na nusu hivi, na wiki ya 14 ndipo atakapopita saa 10. Kila mwenye kalamu na ajaribu hesabu hii mwenyewe.

Katika siku hizo tatu, moja iwe ya mwendo mrefu wa polepole. Kipimo chake ni ulimi: ukiweza kusema na mwenzako sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sawa. Siku ya pili iwe ya kilima. Panda kwa nguvu dakika 5, shuka taratibu, na urudie mara nne au tano. Siku ya tatu iwe ya njia mbaya zenye mawe na mchanga, ili kujifunza ustadi. Wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano mazoezi yapunguzwe sana, maana wakati huo hakuna nguvu mpya iwezayo kupatikana. Kilichobaki ni kuondoa uchovu.

Jambo la pili ni chakula. Misuli na ini huweka akiba ya wanga, lakini akiba hiyo ni ndogo. Katika kazi ngumu humalizika kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Ikiisha, mtu hulegea ghafula. Mwaka juzi nilikuwa njiani na mwalimu mwenzangu, mtu mwenye nguvu kuliko mimi, ambaye asubuhi ile alikunywa chai kavu tu. Katika saa ya tatu alinyamaza, kisha akaanza kuyumba, na nilipomwuliza jina la kijiji tulichokuwa tukikipita, naye akijua vema, hakuweza kunijibu. Tuliketi chini ya mti akala ndizi na sukari, na baada ya nusu saa akili zikamrudia. Lau angekuwa anashuka mteremko wakati ule, sijui ningewaeleza nini watu wa nyumbani kwake.

Kwa hiyo hapana budi kula kabla ya njaa kuja. Kiasi kifaacho kwa saa moja ni kama gramu 60 za wanga. Ndizi mbivu moja ya kiasi ina gramu 25 hivi. Kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa, kilometa 160 ni karibu saa 11, na kwa ndizi tupu mtu angehitaji zaidi ya 25! Hakuna tumbo la kukubali hayo. Ndiyo maana huchanganya: ndizi, tende, chapati, viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, na sukari katika maji ya kunywa. Gramu 60 za sukari katika lita moja ya maji, pamoja na chumvi kidogo, ni kinywaji kizuri na cha bei nafuu. Lakini tumbo nalo lafundishwa kama miguu. Usile siku ya mashindano kitu ambacho hujakijaribu katika mazoezi.

Juu ya maji, wengi wajua hatari ya kiu lakini hawajui hatari ya kunywa kupita kiasi. Anywaye maji matupu mengi kwa saa nyingi huizimua chumvi ya damu yake, ubongo huvimba, na aweza kufa. Njia ya salama ni kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja. Kila kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukiisha kujua kiasi chako, kunywa kadiri ya kiu, wala usirudi nyumbani ukiwa mzito kuliko ulivyoondoka.

Jambo la tatu ni baisikeli yenyewe. Kwanza kiti. Keti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyoke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa chini mno magoti yataumia, na kikiwa juu mno mgongo na nyonga zitaumia. Pili gia. Baisikeli yenye meno 44 mbele na 20 nyuma huzungusha gurudumu zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali. Hiyo yafaa barabara ya tambarare. Kwenye mlima wa mawe yatakiwa gia ambayo mzunguko mmoja wa pedali huleta mzunguko mmoja wa gurudumu, au pungufu yake. Asiye na gia hizo asione haya kushuka na kusukuma. Hata mabingwa wameonekana wakisukuma katika vilima vya Leadville.

Tatu mipira. Upepo mwingi mno huifanya baisikeli iruke juu ya mawe na kukosa kushika njia. Ukiwa kidogo mno, rimu huubana mpira wa ndani juu ya jiwe na kuutoboa matundu mawili. Kila mmoja atafute kiasi chake kwa kujaribu, kwa maana uzito wa watu si sawa. Nne breki na mnyororo. Breki zishike zote mbili, na mnyororo usafishwe kwa kitambaa kabla ya kutiwa mafuta. Kutia mafuta juu ya vumbi ni kutengeneza msasa. Katika mfuko kuwe na pampu, mpira wa ndani wa akiba, viraka na gundi, vyuma viwili vya kubandulia mpira, spana na kisu. Na kila mpanda baisikeli aweze kuziba pancha kwa dakika 15 bila kusaidiwa. Kofia ngumu sihesabu kuwa kifaa cha kuchagua. Asiyekuwa nayo hataondoka nasi.

Katika kushuka, pedali ziwe sawasawa, uzito urudi nyuma kidogo, vidole viwe juu ya breki, na macho yatazame mbele mahali unapotaka kwenda. Atazamaye jiwe hulifuata.

Nimeacha mwisho jambo ninaloliona kuwa kubwa. Katika Cape Epic wale wawili hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili. Wakiachana hupewa adhabu ya muda. Sheria hii haikuwekwa kwa mapambo. Milimani, aliyeanguka peke yake aweza kukaa muda mrefu bila kuonekana. Tena hufundisha kuendesha kwa kipimo cha aliye dhaifu siku hiyo, kwani mwenye nguvu asubuhi huenda ndiye atakayekuwa dhaifu alasiri. Haraka haraka haina baraka, na hasa katika saa ya kwanza, ambapo kila mtu hujiona bingwa.

Basi, jibu langu. Kutoka leo mpaka likizo ya Juni ni wiki nane. Aliyefuata hesabu niliyoitoa amekwisha kuona kwamba kwa wiki hizo mtu hufika saa 6 na nusu za mazoezi kwa wiki nzima. Nao wataka kuendesha karibu saa 11 kwa siku moja. Likizo ya Juni siruhusu kilometa 160. Naruhusu kilometa 50, wawili wawili, na gari la shule likifuata nyuma.

Lakini sitaki kuwavunja moyo. Likizo ya Desemba iko mbali ya kutosha, nayo ni kabla ya Kidato cha Nne na mitihani yake. Kila mmoja atakayefuata mazoezi bila kukosa, akaleta barua ya mzazi, akapimwa na mganga wa zahanati, na mwezi wa Oktoba akaendesha saa 5 na kurudi akiwa bado aweza kusema sentensi nzima, nitamwombea ruhusa kwa Mwalimu Mkuu ya kilometa 160, nami nitakwenda pamoja naye.

Daftari la majina liko katika chumba cha walimu. Mazoezi ya kwanza ni Jumamosi ijayo saa 12 asubuhi, nyuma ya bwalo. Kila mtu aje amekwisha kula, na aje na pampu.

Mwalimu wa Michezo