Sura ya Tano: Barabara ya Sake, Masisi na Walikale

Atazamaye ramani ya Kivu ya Kaskazini, akaifuata kwa kidole barabara itokayo Sake kwenda Masisi na kuendelea hata Walikale, aghalabu hushangaa kuuona mstari wake ukipinda kushoto na kulia, ukirudi nyuma mahali ulipopaswa kwenda mbele, ukizunguka kilima ambacho jicho lingependa kukikata; na pengine hudhani kwamba walioichora hawakuwa na elimu, au walikuwa na mali ya kupoteza. Dhana hiyo si ya haki. Katika nchi ya milima ni nadra kuikuta kona isiyo na sababu, na madhumuni ya sura hii ni kuzieleza sababu hizo kadiri njia inavyoendelea, maana barabara hii, nyembamba na ya udongo kwa sehemu yake kubwa, yafundisha mengi kuliko nyingi zilizo pana kuipita.

Sake ni mji mdogo ulio kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, yapata kilometa 25 kutoka Goma, na umuhimu wake wote umetokana na umbo la ardhi. Upande wa mashariki zimesimama Nyiragongo na Nyamulagira, volkano mbili zilizo hai, na barabara itokayo Goma hupita juu ya mawe meusi yaliyotapikwa nazo. Mlipuko wa Nyamulagira ulioanza mwaka 1938 ulipeleka uji wa moto hata ziwani, karibu na Sake, ukaligeuza umbo la ufuko wenyewe. Kusini liko ziwa. Magharibi umesimama ukuta wa milima, ambao ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Basi msafiri afikapo Sake hana ila milango mitatu: kushika ufuko kwenda Minova na Bukavu kwa Barabara ya Taifa Nambari 2, kuelekea kaskazini kwenda Kitshanga na Mweso, ama kuupanda ukuta kwenda Mushaki na Masisi. Ndiyo sababu mji huu mdogo umepiganiwa mara nyingi, mwaka 2012 na tena mwaka 2025, na ndiyo sababu wafanyabiashara wa viazi, maharage na kabichi wanaoilisha Goma huiuliza habari ya Sake kabla ya kuuliza bei ya soko.

Mlango tuuchaguao sisi ni wa tatu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima ulio juu ya Sake wapita mita 2,000. Mtu mwenye mzigo kichwani hana haja ya kuuzunguka mgongo huo: hupanda moja kwa moja, hupumzika, hupanda tena, na njia za kale za miguu zilikuwa hivyo. Mwaka 1894 msafara wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, uliokuwa umetoka Pangani mwishoni mwa mwaka uliotangulia pamoja na wapagazi wa pwani yetu, ulifika kaskazini mwa ziwa hili, kisha ukaelekea magharibi kupitia milima na msitu hata mto Kongo. Na wapagazi wale, waliozoea nyika za Umasai na mbuga za bara, hawakuhitaji mhandisi awachoree kona. Gurudumu halina ustahimilivu huo. Lori lililosheheni laweza kustahimili mpando wa sehemu 7 katika 100, na likilazimishwa laweza kufika 10 mahali pafupi. Ukizidi hapo, mashine huchemka wakati wa kupanda, na breki huungua wakati wa kushuka, jambo ambalo ni baya zaidi. Tufanye hesabu: ili kupanda mita 600 kwa mpando wa 7 katika 100, barabara yataka urefu wa zaidi ya kilometa 8 na nusu, hata kama kilele kiko kilometa 3 tu kwa jicho. Kilometa zilizosalia zahitaji mahali pa kuwekwa, na hapana mahali ila ubavuni mwa mlima, kwa kwenda na kurudi. Kona zote za kupandia Mushaki zimezaliwa na hesabu hiyo.

Kwa hiyo mchoraji wa njia ya milimani huanza juu, katika pengo ambalo hana budi kulipitia, kisha huishusha njia kwa kipimo mpaka bondeni, akiutafuta ubavu wenye mwamba imara na kuuepuka ule wenye udongo mzito unaobeba chemchemi. Ubavu huo hukatwa, na udongo uliochimbwa upande wa juu hutupwa upande wa chini, ili nusu ya barabara ikalie ardhi ya asili na nusu ikalie kifusi. Nusu hii ya pili ndiyo yenye mashaka. Kifusi kisiposhindiliwa tabaka kwa tabaka, au kikiachwa kinywe maji ya mvua, huteleza chote kwa siku moja, na barabara iliyokuwa ya mita 6 hubaki ya mita 3.

Baada ya Mushaki njia hubadilika tabia. Badala ya kupanda, hushika migongo ya milima, ikipitia penye vijiji kama Kingi na Bihambwe, na mtu aliye juu ya lori huona malisho ya ng'ombe pande zote mbili. Uchaguzi wa mgongo una hikima yake, maana mgongoni hakuna mto wa kuvukwa: maji huanzia hapo na kushuka, kwa hiyo madaraja ni machache na gharama hupungua. Walakini hikima hiyo haikuwa peke yake. Serikali ya Ubelgiji iliunda mwaka 1928 kamati iliyogawa ardhi ya Kivu kwa walowezi, na kuanzia mwaka 1937 hata 1955 ikawahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaleta Masisi, wakawe nguvu ya kazi ya mashamba hayo. Mashamba ya walowezi na malisho yao yalikuwa mbavuni na migongoni mwa milima, penye baridi na udongo mzuri wa volkano. Na barabara zikafuata mashamba, zikatengenezwa kwa mikono ya wenyeji ambao wengi wao hawakuwa na ikhtiyari katika kazi hiyo. Mimi sioni kwamba mtu aweza kuieleza ramani ya Masisi akayanyamazia hayo. Mstari wa barabara ulipokwisha kuchorwa, masoko yalikaa kando yake, na misheni, na shule, na ugomvi wa ardhi vilevile.

Hapa yafaa tusimame tuyatazame maji, maana ndiyo kiini cha sura hii. Mvua inayonyesha juu ya milima hii hugawanyika kwa namna ya ajabu. Ile iangukayo upande wa mashariki hushuka Ziwa Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi, huingia Tanganyika, hutoka tena kwa Lukuga penye Kalemie, na mwisho huifikia Lualaba. Ile iangukayo magharibi hushika vijito vya Osso na Lowa, hupita Walikale katikati ya msitu, nayo huifikia Lualaba iyo hiyo, ila chini zaidi. Na msafiri akielekea kaskazini-mashariki, ng'ambo ya volkano, atayakuta maji ya Rutshuru yakienda Ziwa Edward na hatimaye Mto Nili. Kwa mhandisi, mgawanyiko huu una maana ya kazi. Upande wa ziwa maji hushuka kwa kasi katika masafa mafupi, yakachimba makorongo. Upande wa Lowa hushuka polepole katika masafa marefu, yakakusanyika kuwa mito. Basi barabara hii, ijapokuwa ina jina moja, ni mbili: ya Masisi huuawa na mmomonyoko na maporomoko, ya Walikale huuawa na matope na madaraja yaliyovunjika.

Tuanze na ya Masisi. Watu wengi hudhani kwamba magari mazito ndiyo yanayoiharibu barabara ya udongo. Ukweli ni kwamba gari huimalizia tu kazi ya maji. Barabara njema ya udongo huinuliwa katikati, ikainamia pande mbili, ili mvua iangukayo juu yake iondoke mara moja. Kando ya ubavu wa juu huchimbwa mtaro, na kila baada ya masafa fulani mtaro humwaga maji yake chini ya barabara kwa bomba la saruji au la bati. Mtaro ukizibwa na udongo ulioporomoka, au na majani, maji hupanda juu ya barabara, hutafuta mfuo wa gurudumu, huufanya kijito, na kijito kikifuata mteremko kwa msimu mmoja huwa korongo la kumzamisha mtu. Sababu yake ya kwanza ilikuwa koleo tatu za udongo ambazo hazikuondolewa.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kantonye, mtu aliyekabidhiwa kipande chake cha barabara karibu na kwake, akakitunza mwaka mzima kwa koleo, jembe na toroli. Utaratibu ule ulikuwa na ukali wa enzi yake, na hapana anayetamani ukali huo urudi. Lakini ndani yake mlikuwa na elimu sahihi, kwamba barabara ya mlimani huponywa vyema kila wiki kwa kazi ndogo zaidi ya kuponywa kila miaka kumi kwa kazi kubwa. Ofisi ya Barabara ya taifa iliundwa mwaka 1971, na mfuko wa kuzitunza barabara mwaka 2008. Na baada ya serikali kutangaza mpango wake wa kuituliza mashariki ya Kongo mwaka 2009, greda na kompakta zikapanda tena milima hii. Kila mara barabara ikang'aa, na kila mara ilipokosa wa kuizibulia mitaro ikarudi ilikotoka. Pamoja na kantonye kulikuwa na kizuizi cha mvua: mti uliolazwa njiani, malori yakangoja saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Dereva wa fuso mwenye kabichi zinazooza hakukipenda, na mtu humwelewa. Hata hivyo, lori moja likipita juu ya udongo uliolowa laweza kuacha mifuo ambayo malori mia hayangeiacha wakati wa kiangazi.

Fauka ya hayo, vilima vya Masisi vimevuliwa miti yake. Msitu ulikatwa kwa ajili ya malisho, kuni na makaa, na udongo wa volkano uliolala juu ya mteremko mkali, usiposhikwa na mizizi, hunywa maji mpaka ukashindwa na uzito wake. Mahali pengi pameponywa kwa kupanda mikaratusi juu ya barabara na matete chini yake, na kwa vikapu vya nyaya vilivyojazwa mawe ya volkano, ambayo Mwenyezi Mungu ameyaweka kwa wingi karibu na Sake pasipo mtu kuyanunua.

Kizuizi cha mvua si kile ambacho msafiri wa leo hukifahamu zaidi. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Antwerp ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, vya askari wa serikali, vya watu wenye silaha na vya watoza ushuru wa kila aina. Atakayevitazama vinapokaa atagundua kwamba vimefuata kanuni ileile aliyoifuata mchoraji wa barabara: penye pengo la mlima, penye daraja, penye njia panda, yaani mahali ambapo mpitaji hana pengine pa kupitia. Rubaya, penye koltani iliyo sehemu muhimu ya ile itumikayo duniani, iko kwenye tawi la barabara hii, na iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Aprili mwaka 2024. Masisi mjini ikafuata Januari 2025. Mwanamke anayeteremka na mzigo wa maharage, na kijana anayeisukuma chukudu, kigari chake cha mbao chenye magunia ya makaa, hulipa penye vizuizi hivyo kwa sababu mlima haukuwaachia njia ya pili.

Kutoka Masisi hata Nyabiondo njia huanza kushuka, na baada ya Nyabiondo milima huachia nafasi kwa msitu. Lugha za sokoni hubadilika kutoka Kihunde kuwa Kinyanga, viazi huondoka na mihogo na mafuta ya mawese huja mahali pake. Hapa hapana tena mgongo mrefu wa kushikwa. Barabara hulazimika kuvuka kijito kimoja baada ya kingine, na kila kijito chataka daraja. Madaraja mengi yametengenezwa kwa magogo yaliyolazwa juu ya mawe, na gogo katika unyevu wa msitu halidumu miaka mingi. Likivunjika moja, madaraja mengine yote huwa bure, kwa maana lori haliwezi kuingia. Hubaki pikipiki, na pikipiki zikikwama hubaki mgongo wa mtu.

Walikale mjini njia yetu hukutana na Barabara ya Taifa Nambari 3, itokayo Bukavu kupitia Bunyakiri na Hombo, ikaenda Lubutu hata Kisangani. Karibu na hapo, mahali paitwapo Kilambo, palisalia kipande cha lami kilichonyooka, na katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara hiyo kuchukua kasiteriti, yaani madini ya bati, ya machimbo ya Bisie, iliyobebwa na wapagazi kwa miguu zaidi ya kilometa 40 msituni. Madini hayo yaliruka juu ya milima ya Masisi kwenda Goma, safari isiyofika saa moja angani, kwa kuwa chini yake barabara haikupitika; na ndege zile zilirudi na sabuni, bia na unga, ambavyo mkazi wa Walikale alivinunua kwa bei yenye nauli ya ndege ndani yake. Bado bidhaa za Goma huwafikia watu wa Walikale ghali kuliko zinavyostahili. Kipande cha kati, baina ya Nyabiondo na Mpofi iliyo upande wa Walikale, ndicho kingeiondoa gharama hiyo, nacho chahitaji madaraja ya chuma kabla ya kuhitaji lami.