Doha: Saa ni ile ile, hesabu ni nyingine

Msafiri anayetua Doha, mji mkuu wa Qatar, akitokea Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, hana haja ya kurekebisha saa yake ya mkononi. Miji yote hiyo iko saa tatu mbele ya saa za Greenwich.

Tofauti huanza pale anaposikiliza watu wakizungumza. Kwa Kiarabu, sitta ni sita, sab'a ni saba na tis'a ni tisa. Ni maneno ambayo Kiswahili kiliyachukua zamani kutoka katika lugha hiyo, na mgeni huyapokea kwa furaha, akiamini kwamba ameelewa.

Kumbe hajaelewa. Msimamizi anaposema kwa Kiarabu kwamba basi la wafanyakazi litaondoka saa sita asubuhi, anakusudia saa kumi na mbili alfajiri kwa hesabu ya Kiswahili. Atakayetokea adhuhuri atakuwa amepoteza siku nzima ya kazi, na pengine ujira wake. Asiyejua neno hata moja la Kiarabu ana nafuu, maana yeye atauliza.

Waswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Karibu na Ikweta hesabu hiyo haina taabu, kwani jua huchomoza na kuzama takriban wakati ule ule mwaka mzima. Waarabu wa Ghuba nao walikuwa na hesabu ya namna hiyo, saa zikianzia magharibi, lakini katika karne ya 20 iliachwa katika shughuli za kila siku.

Doha, iliyo kwenye takriban nyuzi 25 kaskazini mwa Ikweta, isingeweza kuitumia hesabu ya Waswahili bila mkanganyiko. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, jambo linalomshangaza mtu wa Mombasa.

Juma nalo lina mambo yake. Mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili watu wako kazini. Jina la Kiarabu la siku hiyo lina maana ya siku ya kwanza, ilhali Kiswahili huiita ya pili. Wakristo wengi wanaofanya kazi huko husali kanisani siku ya Ijumaa.

Kwa Waafrika Mashariki walioajiriwa huko kama walinzi, madereva au wafanyakazi wa nyumbani, hesabu hizi ni suala la haki. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko yenye malipo kila juma, na saa za kazi zisizozidi kumi kwa siku.

Tangu mwaka 2021, kazi za juani haziruhusiwi kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Aidha, kipimo kinachojumuisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kikizidi nyuzi 32.1, kazi hizo hutakiwa kusimama, iwe saa yoyote ile.