Afya ya Msafiri na Milango ya Kisiwa cha Pemba

Kisiwa cha Pemba kimezungukwa na maji pande zote, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa ni rahisi kukikinga na maradhi yatokayo nje. Hoja yenyewe ni nyepesi kuelezeka: aufungaye mlango amefunga nyumba. Lakini nyumba hii ina milango mingi. Iko bandari ya Mkoani, iko bandari ya Wete, upo uwanja wa ndege wa Chake Chake, na zipo pwani kadhaa ambako mashua hufika zikitoka Unguja, Tanga na pwani ya kusini ya Kenya. Wavuvi wa Kipemba wamekuwa wakienda dago katika pwani ya Kenya kwa vizazi vingi. Wengine walihamia huko moja kwa moja, hata mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya nchi hiyo. Kisiwa chenye watu zaidi ya 540,000, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, hakiwezi kuishi kwa kujifungia.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani mwaka 2020, wasafiri walikutana na masharti ya kila namna. Huyu alitakiwa cheti cha chanjo, yule alipimwa puani, na mwingine aliamriwa kukaa peke yake siku 14. Wengi waliyaona masharti hayo kuwa ni usumbufu usio na mpango. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba kila sharti lina sababu yake katika tabia ya ugonjwa wenyewe, na kwamba sharti lisilolingana na tabia hiyo halimkingi mtu yeyote.

ASILI YA KARANTINI

Desturi ya kuwazuia wasafiri kwa ajili ya afya ni ya zamani. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba watu watokao penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye muda huo ulifanywa siku 40, na neno karantini limetokana na neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini. Hapa kwetu iko alama ya desturi hiyo. Katika kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, majengo yaliyojengwa katika miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa gereza yaliishia kutumiwa kuwatenga abiria wa meli.

Watu wa zamani hawakujua vijidudu. Hata hivyo, walikuwa wameng'amua jambo moja la msingi, nalo ni kwamba mtu anaweza kuwa na ugonjwa kabla hajaonekana kuwa mgonjwa. Muda ulio kati ya kuambukizwa na kuonekana kwa dalili huitwa muda wa kuatamia, kwa kufananishwa na kuku anayelalia mayai. Yai lililo chini ya kuku halionyeshi kitu, na hali ndani yake kifaranga kinakua. Vivyo hivyo, msafiri anaweza kuteremka chomboni akiwa mzima wa kutembea na kucheka, huku ugonjwa ukiendelea kukua mwilini mwake.

Basi kila mara afisa wa afya bandarini anapotaka kuweka sharti, hana budi kujiuliza maswali matatu. Kwanza, ugonjwa huu huatamia kwa siku ngapi? Pili, je, mtu asiye na dalili anaweza kuwaambukiza wengine? Tatu, je, iko chanjo inayozuia, au kipimo kinachoweza kuuona ugonjwa ukiwa bado umejificha?

HOMA YA MANJANO: CHETI CHENYE MAANA

Tuanze na homa ya manjano, ambayo cheti chake kinajulikana kwa wasafiri wengi. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyochukuliwa na mbu, na huatamia kwa muda wa siku 3 hadi 6. Mbu ambaye huueneza mijini ni yule mweusi mwenye madoadoa meupe, aumaye mchana, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Aedes aegypti. Mbu huyu hazai katika mito wala mabwawa makubwa. Huzaa katika maji machache yaliyotuama karibu na nyumba: ndani ya mtungi usiofunikwa, tairi bovu, kopo, na hata kifuu cha nazi kilichoachwa uani. Msomaji wa Pemba hana haja ya kuambiwa vifuu viko wapi.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kenya, iliyo karibu na Pemba kwa bahari, imewahi kupatwa na milipuko ya homa ya manjano, kama ule wa Bonde la Ufa wa mwaka 1992 na 1993, na ule wa Isiolo wa mwaka 2022. Msafiri mwenye virusi hivyo katika damu hawezi kumwambukiza jirani yake kwa kukaa naye. Lakini akiumwa na mbu wa aina hiyo, na mbu huyo akaishi siku kadhaa, basi kisiwa kimepata chanzo kipya cha maradhi.

Kwa bahati njema chanjo ya ugonjwa huu, iliyotengenezwa na Max Theiler na wenzake katika miaka ya 1930, ni miongoni mwa chanjo zenye nguvu sana. Dozi moja yatosha. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti chake hudumu maisha yote ya mwenyewe. Ila huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa kuwa mwili unahitaji muda wa kujijengea kinga. Mtu anayechanjwa jana na kusafiri leo amebeba karatasi. Kinga yenyewe bado hajaipata.

KIPINDUPINDU: CHETI KILICHOFUTWA

Kipindupindu kinatupa somo tofauti. Mlipuko mkubwa uliopita Zanzibar mwaka 1869 na 1870 ulichunguzwa na daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja, James Christie, ambaye aliuandikia kitabu kilichotoka London mwaka 1876. Watu wa pwani walikuwa wamezoea kuutazamia ugonjwa huo utoke baharini. Christie alifuatilia njia yake na kuona kwamba safari hiyo ulishuka kutoka bara pamoja na misafara, ukapita Pangani, kisha ukavuka kuja Unguja. Ulipita mlango ambao hakuna aliyeulinda.

Wimbi jingine la dunia lilianza Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970. Nchi nyingi zilimtaka kila msafiri aonyeshe cheti cha chanjo ya sindano dhidi ya kipindupindu. Haukupita muda mrefu ikadhihirika kuwa cheti hicho hakifai kitu mipakani. Chanjo ya wakati huo iliwakinga kiasi cha nusu tu ya waliochanjwa, tena kwa miezi michache, wala haikumzuia mtu kubeba vijidudu tumboni. Aidha, watu wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaonyeshi dalili nzito. Kwa hiyo, mwaka 1973 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulilifuta sharti hilo katika kanuni za kimataifa. Zanzibar yenyewe imepata milipuko mara nyingi tangu mwaka 1978, na kila mara dawa ya kweli imekuwa maji safi, choo, na matibabu ya haraka ya maji ya chumvi na sukari.

Hii haina maana kuwa chanjo haina kazi. Mwaka 2009 chanjo mpya ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilizokuwa zikisumbuliwa mara kwa mara. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa waliokunywa dozi mbili walipata kinga ya kiasi cha asilimia 79, na hata majirani zao wasiokunywa walinufaika. Chanjo ilifaa kwa kuwa ilipelekwa mahali ugonjwa ulipozoea kurudi, wala haikufanywa kizuizi cha msafiri.

UVIKO-19: KIPIMO CHA SAA 72

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia hapakuwa na chanjo. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020, na Zanzibar siku chache baadaye. Kuanzia tarehe 23 Machi wasafiri waliotoka katika nchi zilizoathirika walitakiwa kujitenga siku 14 kwa gharama zao, na mwezi Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa hadi tarehe 18 Mei. Siku 14 hazikubuniwa ovyo. Virusi hivyo, kwa namna vilivyokuwa mwanzoni, viliatamia kwa siku 5 au 6 kwa wastani, na mara chache sana kupita siku 14.

Lakini karantini ya siku 14 ni mzigo mzito kwa mfanyabiashara, na kwa mvuvi ni sawa na kufunga jiko. Ndipo nchi nyingi zikakimbilia kipimo. Nchini Tanzania, kuanzia tarehe 4 Mei 2021, wasafiri kutoka nje walitakiwa wawe na cheti cha kipimo cha PCR kilichochukuliwa katika saa 72 kabla ya kuwasili, kisha wapimwe tena kwa kipimo cha haraka wafikapo. Kipimo cha PCR huchukua vinasaba vya virusi na kuvizidisha mara nyingi mno mpaka vionekane, hata vikiwa vichache. Kipimo cha haraka hutafuta protini za virusi, nacho huhitaji virusi viwe vingi.

Kwa nini vipimo viwili? Tuchukue mfano. Mtu ameambukizwa Jumapili. Jumatatu mchana anapimwa. Virusi bado ni vichache mno, na kipimo hakivioni. Alhamisi asubuhi anawasili akiwa na cheti halali. Dalili hazijaanza, lakini mtu mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili. Kumbe yule mwenye cheti safi tayari ni hatari kwa wenzake. Kipimo cha pili, mlangoni, huweza kumgundua. Pamoja na hayo, hakuna kipimo kinachowagundua wote. Kazi ya masharti haya ilikuwa ni kupunguza idadi ya wenye maambukizi wanaoingia na kuchelewesha ugonjwa, ili hospitali zisizidiwe. Aliyetarajia kwamba yangeuzuia kabisa alitarajia lisilowezekana.

Chanjo zilipopatikana na kuenea, masharti yalibadilika. Mwezi Machi 2022 Tanzania iliwaondolea sharti la kipimo wasafiri waliokamilisha chanjo, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa hali ya dharura ya dunia imekwisha.

SAFARI YA HIJA

Kwa watu wa Pemba, hakuna safari iliyoonyesha uzito wa jambo hili kuliko Hija. Mwaka 2020 Saudi Arabia iliwaruhusu kuhiji watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya nchi hiyo. Mwaka 2021 waliruhusiwa 60,000, nao pia ni wakazi wa huko waliochanjwa. Mwaka 2022 milango ilifunguliwa kwa mahujaji milioni moja, lakini kwa sharti la chanjo na umri usiofikia miaka 65. Mzee aliyeweka akiba ya karafuu miaka mingi alijikuta akizuiwa na umri wake.

Hata kabla ya UVIKO-19, hujaji alitakiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na sharti hilo lingalipo. Bakteria wa ugonjwa huo hukaa kooni mwa watu wazima wa afya bila kuwadhuru, kisha hupita kwa mwingine katika msongamano. Baada ya mlipuko wa wakati wa Hija mwaka 1987 chanjo ilifanywa ya lazima, na baada ya mlipuko wa aina nyingine mwaka 2000 ikapanuliwa ili ikinge aina nne. Kama ilivyo kwa homa ya manjano, yapasa ichanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika.

CHETI CHA KUNUNUA

Limebaki jambo moja linalohitaji kusemwa waziwazi. Wako watu wanaonunua cheti bila kuchanjwa, au wanaotafuta karatasi ya kipimo bila kupimwa. Hudhani wamemdanganya afisa wa bandari. Afisa yule jioni hurudi kwake. Aliyedanganywa hasa ni mke, watoto na majirani wanaompokea msafiri, maana mbu wa uani kwake humuuma yeye na watoto wake, na pumzi ya chumbani mwake huvutwa na mama yake mzee. Karatasi haina nguvu yoyote juu ya virusi.

Basi kila aliye safarini na aangalie masharti ya nchi aendako mapema, angalau wiki kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa masharti hubadilika kadiri ugonjwa unavyobadilika. Achanjwe mahali panapotambuliwa, ahifadhi cheti chake pamoja na pasi, na akirudi na homa amweleze mganga alikotoka bila kuona haya. Naye asiyesafiri ana wajibu wake: kuvifukia vifuu, kufunika mitungi, na kuyachemsha maji ya kunywa. Pemba ina milango mingi kuliko maafisa wa kuilinda, na mingi ya milango hiyo iko katika nyua zetu wenyewe.