"Hata" ya Waturuki si hatia yetu

Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alirudi likizo kutoka Istanbul anakosomea elimu ya nafsi. Baada ya kunibusu mkono na kunywa kahawa, alitoa mkobani karatasi kadhaa akaniambia, "Mjomba, hizi ndizo zilizoninyima usingizi mwaka mzima." Nilidhani ni madeni. Kumbe ni hojaji, yaani orodha ya kauli ambazo mtu huzisoma moja moja na kuzijibu kwa namba, kuanzia 1 kwa asiyekubali kabisa hadi 5 kwa akubaliye kabisa.

Hojaji hiyo ilitungwa Marekani na Randy Frost na wenzake, wakaichapisha mwaka 1990. Ina kauli 35, nayo hupima ile tabia ya mtu kutaka kila alifanyalo liwe kamili bila ya doa. Ina mafungu sita: hofu ya kukosea, viwango ambavyo mtu hujiwekea, matarajio ya wazazi, lawama za wazazi, shaka juu ya kazi iliyokwisha kufanywa, na utaratibu. Mwaka 1991 Wakanada wawili, Paul Hewitt na Gordon Flett, walitoa ya kwao yenye kauli 45. Zote mbili zimekwisha kufasiriwa kwa Kituruki.

Tabia yenyewe si ya mchezo. Yuko ambaye humsukuma akafaulu, na yuko ambaye humlemea hata akashindwa kuandika mstari mmoja kwa kuogopa kuukosea, mwisho akaugua huzuni. Katika nchi ambayo vijana zaidi ya milioni 2 huketi kila mwaka kufanya mtihani wa kuingia vyuo vikuu, ni lazima mganga aweze kumpambanua huyu na yule.

"Sasa taabu iko wapi?" nikamwuliza. "Si mnafasiri tu?"

Akacheka, akanionyesha neno ambalo Waturuki huiitia tabia hiyo: mükemmeliyetçilik. Mimi niliyekaa chuoni kwa maalimu miaka mingi nikaiona asili yake mara moja. Ni mizizi ile ile ya Kiarabu iliyotupa sisi "kamili". Nikaendelea kusoma huku nikijiona mjuzi: "kusur" ni ndugu wa kasoro yetu, na "tertip" ni taratibu. Nilipofika kwenye "hata" (si hili "hata" letu la kila siku) nikasema bila ya kusita, "Hii ni hatia."

"Hapo ndipo ulipozama, mjomba," akasema.

Mizizi ni mmoja, kweli, lakini mzigo si mmoja. Mturuki aliyezidisha chumvi kwenye mchuzi atasema amefanya "hata". Kwetu hatia humfikisha mtu mbele ya hakimu, na kesho mbele ya Mola wake. Mwulize Mwislamu yeyote wa pwani kama hatia humsumbua moyo, atakujibu 5 na atakushangaa kwa kumwuliza. Mwenye kuhesabu namba atamwandika mgonjwa, kumbe ni mcha Mungu tu. Hata hilo "mükemmel" lina mtego wake, kwani Mturuki hulisema akisifu chai nzuri, wala hana maana kuwa chai hiyo haina ila.

Tena Kituruki kimepitia mambo. Mwaka 1928 waliacha herufi za Kiarabu wakashika za Kilatini, na mwaka 1932 kikaundwa chama cha lugha kilichoanza kuyatoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuweka mapya mahali pake. Kwa hiyo bibi na mjukuu hutofautiana katika maneno wanayoyajua, na mfasiri hana budi kuchagua yatakayoeleweka na wote wawili.

Lililonistaajabisha zaidi ni sarufi. Kitenzi cha Kituruki hueleza kama jambo ulilishuhudia mwenyewe au uliambiwa. Mwisho wake ukiwa -di umeliona, ukiwa -miş umelisikia. Sasa chukua kauli ya kusema kuwa utotoni uliadhibiwa kwa kutofanya jambo sawasawa. Mfasiri akichagua -di amekutaka ukumbuke fimbo yenyewe. Akichagua -miş unaweza kujibu kwa hadithi ya shangazi.

Ndiyo maana hufasiri watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha wa tatu asiyeiona ya asili huirudisha kwa Kiingereza, ndipo hulinganisha. Wajuao lugha zote mbili hupewa zote mbili, baada ya siku kadhaa kupita kati yake. Kisha hupewa watu mamia, na hapo hesabu huingia. Kipo kipimo alichokieleza Cronbach mwaka 1951 cha kutazama kama kauli za fungu moja zinakwenda pamoja, na kwa desturi hutakiwa kisipungue 0.70. Lakini mizani ya muuza samaki inayoiba robo kila mara nayo haibadiliki! Kwa hiyo hulinganishwa pia na hojaji nyingine, kwa mfano za huzuni, na hutazamwa kama yale mafungu sita bado yanasimama. Mjerumani mmoja, Joachim Stöber, aliandika mwaka 1998 kuwa matarajio ya wazazi na lawama zao huelekea kuwa fungu moja. Hilo mimi ningelimwambia bila ya hesabu.

Jambo moja sikulipenda. Wanaojibu mara nyingi ni wanafunzi wa vyuo vikuu, maana ndio walio karibu na mwalimu. Mvuvi wa Trabzon nani amemwuliza?

Kwa kujifunza, kijana wetu alijaribu kuitia hojaji ile kwa Kiswahili, akazijibu karatasi zote mbili mwenyewe. Niliziweka sambamba mezani. Kwenye matarajio ya wazazi, ile ya Kituruki ilikuwa na 5 mfululizo. Ya Kiswahili ilikuwa na 2, na 1 mahali pamoja.

"Basi tafsiri yako ni mbovu," nikamwambia.

"Tafsiri ni nzuri," akajibu taratibu. "Ya Kituruki niliijaza chumbani kwangu kule. Hii niliijaza jana usiku hapa ukumbini, mama akiniuliza kutoka jikoni ninaandika nini."

Nikanyamaza. Nauli yake ya kwanza niliitoa mimi, na siku ile uwanja wa ndege nilimwambia mbele ya watu wote kuwa asiturudie na shahada ya daraja la pili. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

Nikamwuliza ipi ya kweli. Hakunijibu. Alitafuta mkobani akatoa ile hojaji ya Wakanada, ambayo ina fungu zima juu ya ukamilifu ambao mtu huutaka kwa wenzake, akanipa na kalamu. Kisha akatoka kwenda msikitini, akaniacha peke yangu ili nijibu bila ya kuona haya.

Hadi leo nimejibu kauli nne.