Jinsi ya kuufuma Mlima Kilimanjaro katika kofia ya sufu

Na Mwandishi Wetu

MLIMA Kilimanjaro umekwisha kuchorwa katika stempu, katika lebo za chupa na katika fulana zinazouzwa kwa watalii. Mara nyingi mchoro huwa ni uleule: umbo la buluu au kijivu, na juu yake kilemba cheupe cha theluji. Lakini lipo vazi ambalo kila apandaye mlima huo hulihitaji, awe mgeni au mpagazi, na ambalo umbo lake linaufaa mlima kuliko fulana. Vazi hilo ni kofia ya sufu, ambayo vijana wengi huiita mzula. Ni pana chini, nayo hupungua kadiri inavyopanda hadi kufikia ncha.

Makala haya yanaeleza namna mfumaji anavyoweza kubuni na kufuma kwa mkono kofia ya rangi nyingi inayotokana na sura ya mlima huo, kuanzia migomba ya Uchagani hadi kileleni. Yanaeleza pia swali ambalo mbunifu hawezi kulikwepa afikapo juu: je, ni weupe kiasi gani unaostahili kuwekwa kwenye kilele hicho leo?

Ufundi wa nyuzi mbili

Ufumaji unaozungumziwa hapa ni ule wa kutumia nyuzi za rangi mbili katika mzunguko mmoja. Wakati rangi moja inafuma vitanzi vinavyoonekana mbele, ya pili hupita nyuma ya kitambaa ikisubiri zamu yake. Kwa hiyo kitambaa huwa na tabaka mbili za sufu, na ndiyo maana kofia za namna hii huhifadhi joto kuliko zile za uzi mmoja.

Ufundi huo una makao mengi duniani. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaofuma kofia ni wanaume, na kofia ya mtu aliyeoa hutofautiana na ya kapera. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliutangaza ufumaji wa kisiwa hicho mwaka 2005 kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu.

Hata hivyo, jina lililoenea zaidi ni la Fair Isle, kisiwa kidogo kilichopo kati ya visiwa vya Orkney na Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Katika miaka ya 1920 mwana wa mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Edward VIII, alionekana hadharani akiwa amevaa sweta ya kisiwa hicho, na mitindo yake ikaenea. Tangu mwaka 2010 visiwa vya Shetland vina wiki yao ya sufu, na kwa ajili yake hutolewa kielelezo cha kofia. Kile cha mwaka 2016 kilitokana na nyumba za wakulima wadogo wa visiwani humo, na kile cha mwaka 2018 kilitokana na mianga inayocheza angani usiku katika nchi za kaskazini. Somo ni kwamba mandhari ya mahali huweza kugeuzwa kuwa vazi bila ya kuchorwa kama picha.

Kwanza kipimo cha kichwa

Kabla ya rangi huja hesabu. Kichwa cha mtu mzima chenye mzingo wa sentimeta 56 huhitaji kofia ya sentimeta 50 hivi, ili ivutike na kushika. Mfumaji hana budi kufuma kipande cha majaribio kwa nyuzi mbili na kwa mzunguko, kisha akioshe, akikaushe na kukipima. Tuseme amepata vitanzi 24 kwa upana wa sentimeta 10, na mizunguko 28 kwa kimo cha sentimeta 10. Vitanzi 2.4 kwa sentimeta moja, mara 50, ni vitanzi 120.

Hatua hii haifai kurukwa. Kama mkono wa mfumaji ni mlegevu na umetoa vitanzi 22 badala ya 24, kofia ileile ya vitanzi 120 itakuwa na upana wa zaidi ya sentimeta 54 na itamwangukia mvaaji machoni. Kama mkono unabana na kutoa vitanzi 26, itakuwa na sentimeta 46 na itamkaba kichwa. Kwa mtu anayepanda usiku kwenye baridi kali, kofia isiyoshika masikio haina faida hata ikiwa nzuri namna gani.

Idadi ya 120 ina baraka yake. Hugawanyika kwa 4, 8, 10, 12 na 15 bila ya kubakiza kitu, hivyo michoro ya upana mbalimbali huweza kuzunguka kofia nzima na kukutana sawasawa mwisho wa mzunguko.

Mita mia kwa mzunguko mmoja

Kilimanjaro haupandwi kwa rangi moja. Mpandaji huvuka kanda zinazotofautiana kwa mimea na hali ya hewa, na kanda hizo ndizo zinazoipa kofia mpangilio wake. Tukichukua kwamba mzunguko mmoja wa kofia ni mita 100 za mwinuko, na tukaanzia mita 900 juu ya usawa wa bahari, jirani na Moshi, safari hadi Uhuru yenye mita 5,895 huwa mizunguko 50, yaani kimo cha sentimeta 18 hivi. Ukingo wa mbavu, unaofumwa kwa vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma kwa mizunguko 14, huongeza sentimeta 5. Jumla ni sentimeta 23, kimo kinachotosha kufunika masikio.

Ukingo hufumwa kwa rangi ya udongo mwekundu wa tambarare. Juu yake huja vihamba vya migomba na kahawa, kutoka mita 900 hadi 1,800: mizunguko tisa ya kijani cha migomba juu ya manjano hafifu. Msitu wa mvua, mita 1,800 hadi 2,800, huchukua mizunguko 10 ya kijani kilichokolea sana juu ya kijivu cheupe cha ukungu. Ukanda wa vichaka vifupi na nyasi, hadi mita 4,000, ni mizunguko 12 ya rangi ya kaki. Jangwa la mlimani, hadi mita 5,000, ni mizunguko 10 ya kaki na kahawia. Mizunguko tisa iliyobaki ni ya kilele, kwa kijivu cha majivu ya volkano.

Rangi ni nyingi, lakini hakuna mzunguko unaobeba zaidi ya mbili. Hiyo ni kanuni ya mafundi wa Fair Isle, nayo huifanya kazi iwe nyepesi mkononi.

Mwanga na giza

Kosa la wengi wanaoanza ni kuchagua rangi kwa majina yake. Mtu huona buni mbivu nyekundu katikati ya majani ya kijani, akadhani rangi hizo mbili zitapendeza kwa pamoja. Akimaliza kufuma hushangaa kwamba mchoro hauonekani akiwa hatua chache tu kutoka kwenye kofia.

Sababu ni kwamba jicho hutambua umbo kwa tofauti ya mwanga na giza kabla ya tofauti ya rangi. Wekundu wa buni na kijani cha jani huweza kuwa na giza linalolingana. Njia rahisi ya kupima ni kuweka mabonge ya nyuzi pamoja na kuyapiga picha isiyo ya rangi kwa simu ya mkononi. Nyuzi mbili zikionekana kijivu kimoja, hazifai kufumwa katika mzunguko mmoja, hata zikiwa zimependeza namna gani dukani. Kwa hiyo manjano hafifu hukaa na kijani cha migomba, na ukungu hukaa na msitu.

Kuchora na kufuma

Mchoro hutayarishwa kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja ukiwa kitanzi kimoja, na husomwa kutoka chini kwenda juu na kutoka kulia kwenda kushoto. Ikumbukwe kwamba kitanzi si mraba kamili. Kwa kipimo chetu, upana wake unazidi kimo, hivyo mchoro wa karatasini utapungua kimo kwa karibu moja ya saba ukishafumwa. Mti unaoonekana mrefu kidogo karatasini ndio utakaokuwa sawa kichwani.

Jani la mgomba linaenea katika vitanzi 12, hivyo kofia itakuwa na majani 10. Mti wa msituni unachukua vitanzi 10, na miti itakuwa 12. Hapa mbunifu awe makini, kwani vielelezo vingi kutoka Ulaya huchora msonobari wa pembetatu, ilhali msitu wa Kilimanjaro una miti mingi yenye vichwa vipana. Katika ukanda wa vichaka huwekwa mmea mrefu ambao wataalamu huuita senesio, wenye shina nene na majani yaliyojikusanya juu mfano wa kabichi. Huo upewe vitanzi 15, ili iwe mimea minane. Jangwani hutosha vitone vya kahawia vilivyotawanyika kama mawe.

Katika kufuma, uzi unaopita nyuma usivutwe. Ukivutwa, kitambaa hujikunja na kofia hupoteza unyumbufu. Ukipita nyuma ya vitanzi zaidi ya vitano, ushikizwe katikati kwa kusokotwa na uzi unaofuma, vinginevyo utanasa vidoleni wakati wa kuvaa. Kwa mfano, penye shina la mti lenye kitanzi kimoja, uzi wa kijani hupita nyuma ya vitanzi tisa vya ukungu, lazima ushikizwe. Aidha, uzi wa mchoro upite daima chini ya ule wa mandharinyuma, kwa kuwa uzi unaotokea chini hujitokeza zaidi mbele. Mfumaji akibadilisha utaratibu huo katikati ya kazi, mchoro utafifia upande mmoja.

Kilele na weupe wake

Kupunguza huanza kwenye jangwa. Vitanzi 120 hugawanywa katika sehemu nane za vitanzi 15, na katika kila sehemu vitanzi viwili huunganishwa kuwa kimoja. Katika mizunguko 10 ya jangwa jambo hilo hufanywa kila mzunguko wa pili, hadi vibaki 80. Katika mizunguko tisa ya kilele hufanywa kila mzunguko, hadi vibaki vinane. Uzi hupitishwa ndani ya vitanzi hivyo vinane, ukavutwa na kufungwa kwa ndani.

Hapo ndipo linapokuja swali la weupe. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliripoti kwamba ameona theluji kwenye mlima huo, na wataalamu wa Ulaya walikataa kumwamini. Leo hakuna anayekanusha kuwapo kwake, lakini barafu ya kudumu inatoweka. Kutokana na ramani ya mwaka 1912, barafu hiyo ilienea katika kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki kilometa za mraba 1.76, upungufu wa takriban asilimia 85. Wanasayansi wanauhusisha upungufu huo na ukavu wa hewa na uchache wa theluji inayoanguka kileleni, pamoja na ongezeko la joto duniani. Mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imetoweka ifikapo mwaka 2050.

Tukihesabu vitanzi vyote vya mizunguko tisa ya kilele, kuanzia 72 hadi vinane, tunapata 360. Kama hivyo 360 ni barafu ya mwaka 1912, basi iliyobaki mwaka 2011 ni asilimia 15 tu, yaani vitanzi 54. Hivyo ndivyo vitanzi vinavyostahili kuwa vyeupe katika kofia inayosema kweli. Mahali pake pia pana maana, kwa kuwa sehemu kubwa ya barafu iliyobaki ipo kaskazini na kusini mwa Kibo, na katikati ni majivu. Vitanzi 54 vigawanywe katika mabaka mawili yanayoelekeana, kila moja likiwa na vitanzi saba, kisha sita, vitano, vinne, vitatu na viwili, jumla 27. Ni vyema mabaka hayo yatariziwe kwa sindano ya kushonea kofia ikishakamilika, kwa kuufuata mwendo wa kila kitanzi, badala ya kuvuta uzi mweupe nyuma ya kilele chote.

Kofia iliyomalizika hulowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, hukamuliwa kwa taulo bila ya kusokotwa, kisha huvikwa juu ya bakuli au puto lenye ukubwa wa kichwa mpaka ikauke. Vitanzi vilivyokuwa na mawimbi hutulia, na mchoro hunyooka.

Kazi hii huchukua siku kadhaa, na anayeifanya kwa ajili ya kuuza asikubali kulipwa bei ya kofia ya mashine inayoshushwa kwa marobota. Kofia ya mashine haijui kama imevaliwa Moshi au kwingineko. Hii mnunuzi anaweza kuisoma kwa kidole kutoka ukingoni kwenda juu, mita mia kwa kila mzunguko, hadi penye mabaka mawili madogo meupe. Atakayeuliza kwa nini kilele si cheupe chote kama kwenye fulana, mfumaji atakuwa na jibu la kumpa, na jibu hilo ni sehemu ya bei.