Mvua ya Pugu, Mafuriko ya Jangwani

Masika yakikolea Dar es Salaam, wakazi wa mabondeni hutazama wingu lililo juu yao. Wingu la kuogopwa mara nyingi liko kwingine. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, ukapita Vingunguti na Kigogo, ukashuka Jangwani hadi baharini pale Daraja la Selander. Mvua ikipiga Pugu, Jangwani jua laweza kuwaka huku maji yako njiani.

Hesabu yake si ngumu. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Milimita 50 zikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba, hizo ni lita milioni 50. Penye miti, ardhi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo na mengine huchelewa njiani. Penye mabati, saruji na lami, karibu yote hukimbilia mtaroni kwa pamoja. Kalavati nalo likizibwa na mchanga na chupa za plastiki, barabara inageuka tuta la bwawa, na tuta hilo laweza kukatika.

Kinachoua zaidi ni kasi. Maji yakikimbia mara mbili zaidi, msukumo wake huongezeka mara nne. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi, hata magoti hazijafika, zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuliinua gari dogo: limejaa hewa ndani, hivyo linaanza kuelea, tairi zinaachia lami, mkondo unalichukua. Dereva hukata shauri la kuvuka kwa kuwa mwenzake amepita sasa hivi. Mwenzake amepita maji mengine! Chini ya tope lile hakuna ajuaye kama barabara ingalipo.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Leo Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, umepangwa kuupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, na kugeuza palipokuwa na nyumba kuwa bustani inayoweza kufurika bila kumzamisha mtu. Naunga mkono kabisa mto kurudishiwa nafasi yake. Lakini kazi ikiishia Jangwani, huku juu miti inakatwa na kingo zinachimbwa mchanga, maji yatazidi kushuka kwa wingi na kwa ghafla.